Kesi iliondolewa mahakamani: je, wasifu wake uitaje?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari hapa Tanga, naishi Ngamiani. Mwaka jana nilianza kuandika kwenye Wikipedia ya Kiswahili wasifu wa viongozi waliotoka mkoani kwetu, ili wanafunzi wapate cha kusoma kwa lugha yao. Kwa wengi hakuna shida. Yupo mmoja tu, aliwahi kuwa mbunge, ananitoa jasho. Nikiandika kwamba alishtakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka, wapambe wake wanafuta siku hiyohiyo. Wakishafuta wanakuja wengine wanaandika "fisadi" na "mwizi wa viwanja". Kesi yenyewe DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, aliiondoa kabla ya hukumu. Niseme ukweli: mimi mwenyewe simpendi na sikumpigia kura. Je, niitoe habari ya kesi yote? Au niandike nusu sifa, nusu lawama, pande zote ziridhike?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Umefanya vema kutomtaja jina, maana jibu halimhitaji. Na umefanya vema zaidi kukiri kwamba humpendi. Mwandishi asiyejua moyo wake umeegemea wapi ndiye ninayemwogopa.

Nianze na hilo la nusu kwa nusu, kwa sababu limewapoteza wengi wenye nia njema. Usifanye hivyo. Chukua mtu aliyetumikia watu miaka thelathini akateleza mara moja, na mwingine aliyekula mali ya umma miaka thelathini akachangia ujenzi wa madrasa moja. Ukiwapa wote nusu sifa na nusu lawama, wa kwanza umemdhulumu na wa pili umempaka manukato. Kinachotakiwa ni kwamba kila sentensi iwe na mwenyewe, yaani ijulikane nani alisema, lini, na wapi limeandikwa. Na kila jambo lichukue nafasi inayolingana na uzito wake katika kumbukumbu za kuaminika. Uzito huo ukikupeleka kwenye robo tatu lawama, andika robo tatu. Ukikupeleka kwenye sifa, andika sifa hata kama roho inakuuma.

Sasa kesi. Usiitoe. Mtu aliyepewa dhamana na wananchi akifikishwa kizimbani kwa tuhuma za kuitumia vibaya dhamana hiyo, jambo hilo ni sehemu ya historia yake, na lilitokea mbele ya watu. Lakini ukiitaja, itaje mpaka mwisho. Wapambe wanataka mwisho bila mwanzo, na mahasimu wake wanataka mwanzo bila mwisho. Wewe viweke vyote katika sentensi moja, ili hata atakayeinakili apate taabu kuikata katikati: "Mwaka fulani alishtakiwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi kwa kosa la matumizi mabaya ya madaraka, alikana shtaka, na mwaka fulani Mkurugenzi wa Mashtaka aliondoa shauri hilo kabla ya hukumu." Basi. Hakuna "aliponea chupuchupu", hakuna "alisafishwa", hakuna "alibambikiwa".

Maneno "aliondoa shauri kabla ya hukumu" yana kazi kubwa hapo, usiyabadilishe kwa ajili ya kupendezesha. Kuondolewa shauri si sawa na kuachiwa huru baada ya hakimu kusikiliza ushahidi wa pande zote. Wala si sawa na mahakama kuona kwamba mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Kwa sheria yetu, DPP akiliondoa shauri kwa namna hiyo mshtakiwa anaachiwa, ila hilo peke yake halizuii kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Kwa hiyo anayeandika "mahakama ilimsafisha" anasema uongo, na anayeandika "aliachiwa kwa kubebwa na vigogo" anasema asilolijua. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia mpaka hatia hiyo ithibitike. Amri hiyo imeelekezwa kwa dola, lakini mimi naona hata anayeandika maisha ya mtu inamhusu.

Ninashikilia sana maneno haya, na ninayo sababu. Zamani nilikuwa msanifu wa habari katika gazeti moja la kila wiki. Usiku mmoja, ukurasa wa mbele ukiwa unasubiriwa mtamboni, ililetwa habari kwamba kiongozi mmoja "alihojiwa" na wachunguzi. Neno hilo niliona halina nguvu ya kubeba kichwa cha habari. Nikaandika "ashtakiwa". Halikuwa kosa la mtu mwingine yeyote, ni mkono wangu. Yule bwana hakushtakiwa siku ile wala siku nyingine. Wiki iliyofuata tuliomba radhi kwa aya moja, ukurasa wa ndani, chini ya matangazo ya minada. Miaka ilipita, tukakutana msibani, akanipa mkono kama muungwana. Mwanawe aliyekuwa pembeni yake hakunipa. Nami sikumlaumu.

Tangu siku ile nimejifunza kwamba tuhuma hupanda ngazi, na kila daraja lina neno lake katika Kiswahili, tena maneno tunayo ya kutosha. Kuna kusemwa mtaani. Kuna kutuhumiwa hadharani na mtu mwenye jina. Kuna kuhojiwa, kuchunguzwa, kukamatwa. Kuna kushtakiwa, kukana, kupatikana na kesi ya kujibu, kupatikana na hatia, kuhukumiwa. Halafu kuna rufaa, ambayo waandishi wetu wengi huisahau: hukumu ilitoka kwa kishindo ukurasa wa mbele, rufaa ikaitengua kimyakimya mwaka uliofuata, na wasifu ukabaki na hukumu peke yake. Mweke mtu kwenye daraja alilofikia, usimpandishe wala usimshushe. Na daraja la kwanza, la kusemwa mtaani, usiliandike kabisa. Najua methali yetu inasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Barazani, kahawa ikiwa mkononi, methali hiyo ina raha yake. Kwenye wasifu wa mtu aliye hai ni sumu.

Lipo kosa la upande wa pili ambalo watu waangalifu kama wewe hulifanya: kutia "inadaiwa" kila mahali kwa kuogopa lawama. Jambo lililosemwa kwenye kipaza sauti mbele ya umati halidaiwi. Mfano ni Rais John Magufuli. Juni 2017, akiwa ziarani mkoani Pwani, alitamka kwamba katika utawala wake msichana aliyepata mimba hatarudi shuleni. Hilo andika kavukavu, na tarehe yake, na kwamba Novemba 2021, baada ya kifo chake, serikali ilitangaza wasichana hao waruhusiwe kurudi. Kwa mtindo huohuo andika kwamba elimu bila ada hadi kidato cha nne ilianza Januari 2016 chini yake, na kwamba takwimu za serikali yake za ugonjwa wa corona zilisimama mwanzoni mwa Mei 2020, zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21. Yote ni matukio. Hayahitaji "inadaiwa", wala hayahitaji "kwa ujasiri" au "kwa ukatili". Msomaji ana akili zake.

Penye ubishani wa kweli ndipo jina la msemaji linapohitajika. Kifo chake kilitangazwa tarehe 17 Machi 2021 na Makamu wa Rais wakati huo, Samia Suluhu Hassan, akiwa ziarani hapahapa Tanga. Tangazo lilisema ni maradhi ya moyo. Baadhi ya wapinzani wake walisema ni corona. Wasifu wa haki unaandika tangazo rasmi kama tangazo rasmi, na kauli ya wapinzani kama kauli ya wapinzani, kwa majina yao, kisha unanyamaza. Huwezi kuandika "inasemekana alikufa kwa corona". Inasemekana na nani? Kiswahili chetu kina kitenzi cha kutendwa kinachoruhusu mtendaji ajifiche nyuma ya pazia, na wasemaji waoga wanakipenda sana. Kila ukikutana na "inasemekana", "inaaminika" au "wengi wanaona", uliza: nani? Ukikosa jina, futa sentensi.

Nikupe mfano mwingine, wa marehemu Edward Lowassa, kwa sababu maisha yake yanapima uaminifu wa mwandishi kuliko ya mtu yeyote ninayemkumbuka. Aliapishwa kuwa Waziri Mkuu mwishoni mwa Desemba 2005. Mwaka 2006 nchi ilikuwa gizani kwa ukame, ukafungwa mkataba wa umeme wa dharura na kampuni iliyoitwa Richmond. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe ikachunguza, ripoti ikasomwa bungeni Februari 2008, na tarehe 7 mwezi huo Lowassa akajiuzulu. Alilalamika bungeni kwamba kamati haikumhoji, na hadi mwisho alikana kuhusika kwa ubaya. Miaka ile wanasiasa wa upinzani walimwita fisadi kwenye kila jukwaa. Julai 2015 jina lake likakatwa CCM, akahamia CHADEMA, akawa mgombea urais wa vyama vilivyoungana, na akapata karibu asilimia 40 ya kura dhidi ya asilimia 58 za Magufuli. Waliomwita fisadi wakamnadi, na waliomtetea wakaanza kumwita fisadi. Machi 2019 akarudi CCM, ndimi zikageuka tena. Akafariki tarehe 10 Februari 2024, na maneno ya msibani yakawa matamu kutoka pande zote.

Sasa fikiria kuna mtu aliandika mwaka 2008: "Alijiuzulu uwaziri mkuu tarehe 7 Februari 2008 baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa Richmond, alikana kufanya kosa na kulalamika kwamba kamati haikumhoji." Sentensi hiyo ingesimama 2008, ingesimama 2015, ingesimama 2019, na inasimama leo kaburini kwake. Haikuhitaji kuguswa hata herufi. Hiki ndicho kipimo ninachokupa, mwalimu: mtu wako akihama chama kesho asubuhi, je, sentensi yako itabidi ibadilishwe? Ikiwa ndiyo, iandike upya leo.

Na usisahau kwamba maisha ya Lowassa hayakuanza wala kuishia Richmond. Yapo maji ya Ziwa Victoria kwenda Kahama na Shinyanga, zipo shule za kata, zipo kampeni za 2015 zilizojaza viwanja. Ndiyo maana sipendi wasifu wenye sehemu yenye kichwa "Kashfa" mwishoni, kama ndoo ya taka jikoni. Kila mpita njia hutupia humo, na baada ya miaka mitatu ndoo ni kubwa kuliko nyumba. Panga mambo kwa miaka. Kesi ya mtu wako iwekwe mwaka ilipofunguliwa, kati ya yale aliyofanya kabla na aliyofanya baadaye. Halafu hesabu mistari. Ikiwa alikuwa mbunge miaka kumi na kesi ikachukua theluthi mbili za ukurasa, hapo huandiki tena maisha, unaandika kesi.

Nirudi kwenye maneno, maana kwa lugha yetu upendeleo hujificha kwenye vitenzi kuliko kwenye matusi. Tusi linaonekana, mtu atalifuta. Kitenzi kinapita. Oscar Kambona alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje na kiongozi wa juu wa TANU. Mwaka 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, alijiuzulu na kwenda London, akarudi 1992 mfumo wa vyama vingi uliporejea. Ukiandika "alitoroka", umekuwa mwendesha mashtaka. Ukiandika "alikimbia dhuluma", umekuwa wakili wake. "Aliondoka nchini" inatosha, kisha eleza yeye alisema nini kuhusu sababu zake na serikali ilisema nini. Vivyo hivyo "alitumbuliwa": ni neno la jukwaani la miaka ya Magufuli, lina kejeli ndani yake. Barua ya Ikulu ilisema uteuzi umetenguliwa, nawe sema hivyo. "Alikiri" litumie pale tu mtu alipokubali kosa. Akieleza jambo tu, "alisema". "Alidai" pia lina shaka iliyofichwa. Ukimwandikia mpinzani "alidai" na waziri "alifafanua", umeshachagua upande.

Vyeo pia. Usimwite Mheshimiwa kwenye wasifu, hata kama ungekutana naye barabara ya kumi na mbili ungemwita hivyo kwa adabu. Taja jina kamili mara ya kwanza, kisha jina la ukoo. Wapambe watakuambia ni utovu wa heshima. Wajibu kwa upole kwamba ndivyo ulivyowaandika wote, rafiki na hasimu, na uhakikishe kweli ndivyo ulivyofanya.

Bibi Titi Mohamed nimtaje kwa ajili ya wanafunzi wako wa kike. Aliongoza akina mama wa TANU tangu 1955. Alishindwa ubunge Rufiji mwaka 1965. Alikamatwa 1969, akapatikana na hatia ya uhaini na kuhukumiwa kifungo cha maisha 1971, akasamehewa na Rais Nyerere 1972. Alifariki Novemba 2000, na barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Kuna wanaotaka hukumu ifutwe kwenye habari zake kwa kuwa ni mama wa taifa, na kuna ambao hawataki kusikia lingine ila uhaini. Mimi nikiyaona yote kwenye ukurasa mmoja, kwa tarehe zake, ndipo ninapomwona Bibi Titi mwenyewe, binadamu aliyebeba yote mawili katika mwili mmoja.

Na ukitaka kuwafundisha wanafunzi jambo hili bila kugombana na mtu aliye hai, wachukue Pangani, ni safari ya saa moja na ushei tu kwa basi. Pale ndipo Abushiri bin Salim alipokuwa na shamba la miwa, pale ndipo upinzani dhidi ya kampuni ya Wajerumani ulipoanza mwaka 1888, na pale ndipo aliponyongwa tarehe 15 Desemba 1889, miezi saba baada ya Wissmann, kamanda wa Wajerumani, kuivunja ngome yake karibu na Bagamoyo. Wajerumani walimwandika kuwa muasi na mfanyabiashara ya watumwa, wakaita vita vyote "uasi wa Waarabu", ingawa watu wa Mrima walikuwa wengi ndani yake na Bwana Heri wa Saadani aliendelea kupigana baada ya Abushiri kufa. Vitabu vya shule baada ya uhuru vikamwandika kuwa shujaa. Wape wanafunzi kazi hii: mwandikieni wasifu wa aya nne ambao utakubali kwamba shamba lake lililimwa na watumwa, na kwamba alisimama mbele ya mizinga watu wengine wakiwa wamenyamaza, bila kutumia neno "shujaa" wala neno "katili". Watahangaika. Watafuta na kuandika tena. Lakini baada ya hapo watamsoma mbunge yeyote kwa macho mengine.

Vyanzo nisivirefushe, unavijua. Kumbukumbu rasmi za Bunge, yaani Hansard, zina kila neno alilosema akiwa mbunge. Soma alichosema yeye, usisome tu alichosemwa. Hukumu za mahakama za juu nyingi siku hizi zinapatikana mtandaoni. Kwa kesi ya chini, masijala ya mahakama ndiyo yenye jalada. Lakini kwa mtu aliye hai usichote jalada tupu na kuanza kulitafsiri mwenyewe. Tafuta pia gazeti lenye mhariri lililoripoti, ili uzito wa jambo usitoke kichwani mwako. Gazeti la chama lina faida: ni shahidi mzuri wa chama kilisema nini, ni shahidi dhaifu wa hasimu wa chama alifanya nini. Na magazeti matano yaliyonakili taarifa moja kwa vyombo vya habari ni chanzo kimoja. Jihadhari zaidi na kurasa za mtandaoni zilizonakili maandishi yako mwenyewe. Mwaka mmoja baadaye atakuja mtu kukutolea ushahidi wa sentensi yako kwa kukuonyesha nakala ya sentensi yako.

Hao wapambe sasa. Wapo kila nchi. Mwaka 2006 nchini Marekani iligundulika kwamba wafanyakazi wa ofisi ya mbunge Marty Meehan walikuwa wamefuta kwenye Wikipedia habari ya ahadi aliyoivunja, ya kutokaa bungeni zaidi ya vipindi vinne, wakaweka maelezo yao ya kumpamba. Waligunduliwa kwa sababu kila badiliko huacha nyayo kwenye historia ya ukurasa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, hilo halina dawa. Dawa iliyopo ni kuweka kila kitu hadharani. Usifute na kurudisha, kufuta na kurudisha, kama watoto wanaovutana kamba. Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni inayokataza mtu kurudisha zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24, na ni busara kuifuata hata kwetu ambako wahariri ni wachache. Nenda ukurasa wa majadiliano, andika: nimeweka sentensi hii, chanzo chake ni hiki, anayeona imekosewa alete chanzo chake. Kisha mwite mhariri mwingine asiyetoka Tanga aangalie. Na wasikilize wapambe wakisema jambo la kweli. Huenda wanajua tarehe ambayo DPP aliondoa shauri na wewe umeikosea. Mpambe mwenye hati mkononi anastahili kusikilizwa kuliko mpinzani mwenye hasira.

Wale wa "fisadi" na "mwizi wa viwanja" ni rahisi zaidi: futa mara moja, usisubiri mjadala. Shutuma juu ya mtu aliye hai isiyo na chanzo haina haki ya kukaa hata usiku mmoja. Sababu yake ni kisa cha mwaka 2005, cha mwandishi wa habari mkongwe wa Marekani, John Seigenthaler. Mtu mmoja alimwandikia kwenye Wikipedia, kwa utani wa kijinga, kwamba aliwahi kushukiwa kuhusika katika mauaji ya John Kennedy na ndugu yake Robert. Robert ambaye Seigenthaler alikuwa rafiki na msaidizi wake, na mmoja wa waliobeba jeneza lake. Uongo huo ulikaa zaidi ya miezi minne. Hapo ndipo kanuni kali za wasifu wa watu walio hai zilipotokea, na mwaka 2009 bodi ya Wikimedia Foundation ikazihimiza Wikipedia za lugha zote kuzizingatia. Kwetu kuna la ziada: kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuhusu taarifa za uongo, kina faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Lakini hata kama sheria hiyo isingekuwepo ningekuambia ufute.

Watoto wake wasitajwe. Maradhi yake yasitajwe, ila kama yeye mwenyewe aliyatangaza au yalimwondoa kazini. Kabila na dini, pale tu vilipoingia katika kazi yake ya siasa kwa kauli yake au kwa tukio linalojulikana. Sisi watu wa pwani tunajuana koo, na mkono unawasha kuandika mama yake ni wa ukoo gani na babu alihamia kutoka wapi. Acha.

Limebaki la moyo wako. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na huyu wako si mnyonge hata kidogo, lakini kwenye ukurasa wako hana mdomo. Wewe ndiye uliyeshika kalamu. Ninachofanya mimi nikimwandikia nisiyempenda ni kuanza na kitu alichokifanya vizuri, nikakitafutia chanzo kwa bidii ileile ninayotafutia kosa lake. Si kwa ajili ya kukiweka juu ya ukurasa. Ni kwa ajili ya kujipima: nikiona nachoka kutafuta mapema, najua chuki inaandika badala yangu, nalala, narudi kesho. Pia namsomea maandishi mtu aliyempigia kura. Simuulizi kama amependa. Namuuliza sentensi ipi si ya kweli. Akinionyesha moja, nashukuru. Na wala usijifariji ukiona pande zote mbili zimekasirika, kwamba ndiyo dalili ya haki. Inawezekana umezikosea zote mbili.

Kesho, kabla ya kipindi cha kwanza, pita masijala ya mahakama uulize namba ya shauri na tarehe mbili: ya kufunguliwa na ya kuondolewa. Ukizipata, iweke ile sentensi moja mahali pake katika mtiririko wa miaka, andika sababu yako kwenye majadiliano, kisha endelea na sehemu ambayo nadhani hujaiandika kabisa: alichangia nini bungeni kuhusu mkonge, bandari, na barabara ya Pangani. Hansard ipo. Ukikwama kwenye tarehe za vikao, niandikie tena.